Malalamiko Kuhusu Binti Yangu Aliyefundishwa Kunyoosha Mkono

Kwa Kocha,
Timu ya Mpira wa Kikapu ya Wasichana.

Mheshimiwa Kocha,

YAH: KUHARIBIWA MTOTO, NA NYUMBA NZIMA PAMOJA NAYE

Pokea salamu kutoka nyumbani kwetu, ambako kwa sasa hakukaliki.

Mimi ni baba wa nahodha wako, yule mrefu mnayemwita Ngazi. Kwa kazi ni msimamizi wa karakana ya uchapishaji, huu mwaka wa kumi na moja, na nimezoea kuandika barua za kuonya wengine. Hii ni ya kwanza ambayo aliyeumia ni mimi, kwa hiyo nivumilie nikienda mbio.

Mwanzoni mwa mwaka nilikukabidhi mtoto. Ulisimama mbele ya wazazi, filimbi shingoni, ukasema mpira wa kikapu unajenga tabia, ukakamavu na uongozi. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilijua tabia ni kuwaamkia wakubwa, ukakamavu ni kutolia, na uongozi ni kukaa kiti cha mbele. Ningejua una maana nyingine, ningempeleka kwaya.

Malalamiko nayapanga kwa namba, usije ukasema hukuyaona.

1. Kelele. Umewafundisha wasichana kusemeshana wakati wa kulinda goli, kila mmoja amwambie mwenzake nani yuko nyuma yake. Uwanjani sina neno. Lakini nyumba yetu ni ya vyumba vitatu. Mama yake anatoka jikoni na sufuria ya maji ya moto, mara sauti inapasua ukuta: "Mama, kushoto kwako, napita!" Mimi nikiwa bafuni, uso umejaa sabuni, natangaziwa kupitia mlango kwamba taulo limeanguka upande wa kulia. Nakiri kwamba tangu hapo hakuna aliyeungua wala aliyegongana na mwenzake, lakini je, mtu hana haki ya kujikwaa kwa amani ndani ya nyumba yake?

2. Mkono. Hapa ndipo penye kidonda. Nimeambiwa ni desturi ya mchezo wenu: mchezaji akicheza faulo, refa akipuliza, mwenyewe hunyoosha mkono juu ili meza ya waandishi wamwone. Nasikia wewe umeenda mbali zaidi. Kwako ananyoosha hata refa asipopuliza.

Kocha, nyumba yetu ilikuwa na mpango wake, na ulikuwa unafanya kazi. Kitu kikivunjika ni paka. Kikipotea ni watoto wa jirani. Kikiungua ni umeme. Tuliishi vizuri. Mwezi wa tatu, chupa ya chai ikavunjika, nami nikawa nimeshamshika paka shingoni, ndipo nikamwona binti yangu amesimama katikati ya sebule, mkono juu. "Nimekosa mimi, baba. Paka alikuwa nje." Nilibaki na paka mkononi sijui nimweleze nini.

Ugonjwa ukaenea. Mdogo wake wa miaka sita sasa hunyoosha hata kwa makosa anayopanga kuyafanya kesho. Wiki mbili zilizopita mama mkwe wangu, mwanamke wa miaka sabini na moja ninayemheshimu sana, alinyoosha mkono tukiwa tunakunywa chai. Akasema rimoti ya televisheni tuliyoitafuta tangu mwaka juzi anayo yeye, tena aliificha makusudi, maana haipendi sauti ya mtangazaji wa habari. Mke wangu akamshangilia mama yake. Nilibaki mimi peke yangu katika nyumba hiyo ambaye sijawahi kunyoosha, na wote waliniangalia kama wageni wanaosubiri chakula.

3. Uongozi. Ulipomteua kuwa nahodha niliwaambia majirani wote, wa kulia na wa kushoto, hata yule tusiyesemeshana naye. Nikavaa shati la kwenda kazini nikaja kuangalia mechi. Nikamtafuta nahodha kwenye kiti chake. Sikumwona. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya uwanja, tambara mkononi, anakausha maji ya mvua, ili wenzake wasiteleze. Baadaye nikamwona amebeba dumu la maji ya kunywa. Mheshimiwa, mimi nimeongoza watu kumi na wanne kwa miaka kumi na moja, na sijawahi kubeba kitu chochote zaidi ya funguo.

Halafu ikaja ile dakika ya mwisho. Tumepitwa kwa pointi moja. Mpira anao mwanangu. Badala ya kurusha yeye, mrefu, mtoto wa msimamizi, akampasia yule binti mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, ambaye alikuwa ameshakosa mara tatu. Akakosa ya nne. Filimbi. Tumefungwa. Nikadhani sasa nahodha wangu atamkaripia mbele za watu, jinsi kiongozi anavyotakiwa. Akaenda akamkumbatia. Njiani nilimuuliza kulikoni, akanijibu: "Alikuwa peke yake, baba. Hakuna aliyemkaba. Na mechi ijayo nitamhitaji." Hapo nilielewa kwamba katika timu yako neno uongozi mmelipindua miguu juu.

4. Ukakamavu. Siku hiyo hiyo alilia. Hakujificha. Alilia kwenye basi, akalia akila, akalia akipiga mswaki. Nikasema afadhali, sasa atachoka na mpira. Asubuhi saa kumi na mbili nikasikia mlango, ameshakwenda kukimbia. Nimejaribu kulipima hilo na sielewi limekaa upande gani. Mimi sijalia tangu nilipofiwa na baba yangu, na hata siku ile nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Kwa ukakamavu huo nimepata shinikizo la damu na kidonda cha tumbo, kama mwanamume anayejiheshimu. Yeye hana hata kimoja.

5. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Karakana yetu ilipata kazi ya kuchapa kalenda elfu mbili. Kabla ya kuchapa, fundi hutoa nakala moja ya majaribio, msimamizi huisoma siku kwa siku, kisha huandika "Sawa, chapa", na kutia sahihi. Niliandika na kutia sahihi. Kusoma sikusoma, kwa kuwa nilikuwa kwenye simu na shemeji. Kalenda zikatoka, zinang'aa, nzuri ajabu, na mwezi wa Juni una siku thelathini na moja.

Mimi nilishauri tumwambie mteja siku hiyo ni zawadi. Mkurugenzi hakucheka. Akauliza nani alaumiwe. Kwa haraka nikamtaja fundi mashine tunayemwita Taratibu, mtu ambaye hata ukimwambia mashine inawaka moto hujibu baada ya kufikiri. Nilimchagua kwa sababu hiyo hasa. Nikasema amechapa bila kunionyesha nakala. Mpaka yeye afungue kinywa kujitetea, barua ya kumsimamisha ilikuwa imeshapigwa muhuri. Keshokutwa Jumatatu, saa tatu, kamati ya nidhamu inakaa, na inaonekana atafukuzwa. Naomba usinione katili. Taratibu hana mtu anayemtegemea isipokuwa mama yake mzee na wadogo zake wawili.

Jioni ile nilisimulia nyumbani, kwa fahari kidogo, jinsi nilivyomnasa fundi mzembe. Binti yangu alisikiliza na kuuliza tu kama Taratibu ana watoto.

Ilikuwa imebaki ile nakala yenye sahihi yangu. Mtu mwingine angeichana. Lakini mimi ni mchapaji, Kocha. Ile ni karatasi ya gramu mia moja na hamsini, yenye kung'aa, na mkono wangu haujawahi kuchana karatasi ya namna hiyo. Kila muhula mimi ndiye ninayevalisha majalada madaftari ya watoto, kwa karatasi zilizoharibika kazini, upande mweupe nje, kona zimekunjwa vizuri hata walimu huulizia. Basi nikaivalisha daftari la hesabu la mwanangu, maandishi ndani, nikailaza kwa gundi. Niliona nimeuzika ushahidi na mtoto amepata jalada.

Jumamosi iliyopita daftari lililoana maji kwenye mkoba wake wa mazoezi. Akalivua jalada ili alikaushe.

 Aliinyoosha ile karatasi kwa pasi, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye begi langu la kazini, juu ya miwani, mahali ambapo nisingeweza kuikosa. Nilipomwita chumbani kumtisha, nikamuuliza kama anakusudia kwenda kwa mkurugenzi. Akatikisa kichwa. "Kocha anasema mwenye kosa ananyoosha mwenyewe. Akinyooshewa na mwingine haihesabiki." Akaniaga kwa adabu zote, akaenda kulala.

Tangu hapo ni siku saba. Ananiamkia. Ananipakulia chakula. Ananipigia viatu rangi bila kuombwa. Hajaniambia neno baya hata moja, na mimi sipati usingizi. Nilimwonya, nikamnunia, nikamwahidi viatu vipya vya mpira, vile vyenye soli nene. Alisema asante baba, vya zamani bado vinafaa. Ukakamavu wa aina hii, nani alikutuma ukamfundishe? Nilitaka mtoto anayeweza kusimama mbele ya mtu yeyote duniani. Sikusema mbele yangu.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima: kwanza, umvue unahodha mara moja, umpe mtoto mwingine ambaye baba yake hana cha kuficha. Pili, uwatangazie wachezaji wote kwamba kunyoosha mkono mwisho wake ni mstari wa uwanja. Tatu, uniandikie cheti, chenye muhuri wa timu, kwamba mzazi hahesabiki kuwa mchezaji.

Usipotekeleza, nitapeleka malalamiko kwa mwalimu mkuu, kwa chama cha mpira, na ikibidi kwa mama yako mzazi, ambaye nimeshaulizia anakoishi.

Wasalimie wasichana wote wa timu, msalimie yule mwenye miwani ya kamba, umwambie alegeze mkono anaporusha. Wasalimie waandishi wa meza na refa. Mama mkwe wangu anakusalimu sana, ingawa sikumruhusu.

Nimebaki mimi, niliyedhulumiwa,

Baba Ngazi,
Msimamizi.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii niliifunga Jumamosi. Leo ni Jumatatu jioni na nimeifungua tena.

Nilikwenda kwenye kamati na maelezo yangu ya kurasa mbili, yamechapwa vizuri. Taratibu alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni, amevaa koti lake la kuendea harusi za watu, na miguuni ana kiboksi chenye bisibisi zake na kikombe chake cha chai. Alikuwa ameshafungasha. Aliniamkia, Kocha. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, mkono ulinyooka, na nilipotazama ulikuwa wangu. Nikatoa ile karatasi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sikufa.

Taratibu amerudi kazini. Mimi nimevuliwa usimamizi, na kuanzia kesho nitakuwa nalisha karatasi kwenye mashine yake. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniambia nije na nguo chakavu, wino hautoki.

Nyumbani nilimweleza binti. Alilia, nami nikalia, pale pale sebuleni, mbele ya mama mkwe. Kisha nikamuuliza kwa nini hakusema mapema, wakati yote alikuwa anayajua. Akajibu: "Nilikuwa nakusubiri, baba."

Siku tisa, Kocha. Mimi mwenyewe nisingejisubiri hata mbili.

Tafadhali usimvue unahodha.