Mpira Nilioupasha Moto Kama Ngoma

Leo nimevuliwa nguo mbele ya shule mbili. Kaptula ilibaki kiunoni, lakini hicho ndicho kitu pekee kilichobaki. Nawaandikia haraka nyie mlioko Shinyanga, kabla dereva wa lori la pamba hajawafikishia habari hii ikiwa imetiwa chumvi. Chumvi haihitajiki.

Mnajua shule yetu inavyocheza kandanda. Mpira wetu ni matambara na kamba za katani, na mvua ikinyesha unakunywa maji mpaka unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Sasa bwana mkubwa wa uwanja wa gofu pale mgodini (uwanja gani? Nyasi zimekufa, na kwenye mashimo wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu, halafu wanapakanyaga kwa adabu kama kanisani) akatangaza mashindano. Kila shule itoe mvulana mmoja. Kila mvulana achague mpira mmoja kwenye ndoo ya mipira mikuukuu, apige mara moja tu. Atakayepiga mbali zaidi, shule yake inapewa mpira wa miguu wa ngozi, mpya kabisa.

Shule ikanichagua mimi. Kusema kweli, nilijichagua. Mjomba wangu anawabebea wazungu mifuko ya fimbo, na mimi likizo nzima nilikuwa naokota mipira iliyopotelea vichakani. Mmoja niliupasua kwa panga. Ndani ni uzi wa raba uliozungushwa na kuvutwa mpaka basi, na juu yake ngozi nyeupe. Tangu siku hiyo nikawa profesa. Wiki nzima nimewahutubia wenzangu bwenini kwamba umbali hautoki kwenye mkono, unatoka kwenye mpira. Masunga, kapteni wa timu yetu, alikuwa ameshaupangia ule mpira wa ngozi pa kulala: ndani ya sanduku lake, juu ya shati la Jumapili.

Tukafika asubuhi. Shule zilikuwa mbili tu, sisi na wale wa misheni ya upande wa Ushirombo. Wao walimleta Dotto, kijana mwembamba, kaptula imefungwa kwa kamba ya katani. Akatia mkono ndooni bila kuangalia, akatoa mpira wa njano kama jino la mvuta tumbaku, tena wenye kovu. Nikamwuliza anataka kuupiga au kuuzika.

"Huu unatosha, kaka," akasema.

Nikamwonea huruma. Mimi nilichagua kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Niliidundisha yote kwenye mwamba, nikaiminya, nikaisikiliza, mingine nikaing'ata (mmoja ulikuwa na ladha ya mavi ya mbuzi, tuyaache hayo). Mwisho nikapata mmoja uliodunda mpaka kifuani kwangu. Masunga aliubusu. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nawaandikia majivuno.

Lakini wacheza ngoma walikuja kutumbuiza, nao wakawasha moto wa kupasha ngoma zao. Mnajua wenyewe: ngoma baridi inakohoa. Ikipata moto ngozi inakaza, inasikika mpaka kijiji cha pili. Nikaitazama ngoma: ngozi juu, kamba zimevutwa. Nikautazama mpira wangu: ngozi juu, uzi umevutwa. Kwa akili kubwa kama yangu, hapo hahitajiki mwalimu.

Nikamwamkia mzee mpiga ngoma, akaitikia marahaba, nikaomba nafasi pembeni ya makaa. Akanitazama ninavyougeuza mpira kwa kijiti.

"Ng'wanawane," akaniita kama mwanawe, "huo muhogo wako ukiiva usinisahau."

Nikamweleza elimu yangu. Akageukia ngoma yake, akaitoa motoni. Mimi nikauacha wangu kidogo zaidi, kwa sababu wangu ulitakiwa kwenda mbali kuliko sauti.

Dotto akapiga kwanza. Jino lake la njano likaruka, likavuka mtaro, likatua karibu na mgunga. Nikatabasamu kama mtu anayemwona mtoto akijifunza kutembea.

Zamu yangu ikafika. Mpira ulikuwa bado moto, na umelainika. Nikajiambia huko ndiko kukaza. (Nilikuwa na vidole kumi vya kuniambia ukweli, nikavinyima kazi.) Nikauweka kwenye kijiti cha kupigia, ukakaa kama tonge la ugali. Nikainua fimbo, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Ulilia kama nyanya mbivu iliyokanyagwa. Ngozi ikanata kwenye fimbo. Uzi ukaanza kufunguka wenyewe, na lile bonge likawa linarukaruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Halikwenda mbele. Lilipita katikati ya miguu yangu, likarudi nyuma likiburuta mkia wa raba, likaenda kutulia kwenye kiatu cha Mwalimu Mkuu.

Bwana mkubwa akaja na kamba yake ya kupimia, akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Huyu kwenda Mwanza," akatangaza. "Sisi kupiga upande ya Ushirombo."

Mwalimu Mkuu akainama, akaunusa ule mpira.

"Ulichagua vizuri," akaniambia. "Sasa nani alikutuma kuupika?"

Kutoka kwenye moto yule mzee akauliza kama umeiva. Baada ya hapo ngoma haikupigwa tena, wapigaji walikuwa wamelala chini wakishika mbavu. Dotto akaja na mpira wetu wa ngozi kwapani, akanipa pole, akatukaribisha tukaucheze kwao Jumapili yoyote. Alisema kwa moyo mweupe. Hata kunidharau hajui.

Tulipofika shuleni Masunga akatoa mfukoni ule uzi wa raba, kumbe aliuokota wote, akauzungushia ndani ya mpira wetu wa matambara. Sasa unadunda kidogo. Mkija likizo msinicheke, nimeshachekwa vya kutosha. Wameupa mpira huo jina langu, na sijawahi kuiona timu yetu ikipiga mateke ya nguvu kiasi hiki.