Mhariri Asitoke Nje ya Geti

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mbwa wangu yuko kizuizini. Amesema hayo leo asubuhi Bi. Jeniffer, afisa mifugo wa kata yetu, akiwa amesimama nje ya geti langu. Hakutaka kuingia. Simlaumu.

Ukweli wa tukio ni huu. Juzi jumuiya yetu ya kanisa ilisali nyumbani kwangu, hapa nyuma ya stesheni ya Mpanda. Nilikuwa nimewatangazia kwamba mbwa wangu, Mhariri, amefundishika na hupokea wageni kwa heshima. Nikamfungulia ili waone. Akampokea Scolastica, mwenyekiti wa jumuiya, kwa meno, kwenye kigimbi. Litania iliishia katikati.

Jina nilimpa mimi. Nimeyaandikia magazeti kutoka mkoani tangu ujana, na huyu naye hakuna kinachopita mbele yake bila kukatwa.

Bi. Jeniffer ametoa maagizo. Scolastica aendelee na sindano zake hospitali. Mhariri afungwe uani kwa siku kumi tangu siku aliyouma, aangaliwe kama ana kichaa cha mbwa. Akionekana nje ya geti kabla ya Jumanne ya wiki ijayo, atapigwa risasi. Akaomba kuona cheti cha chanjo. Nikamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi.

Si hayo tu. Hata akimaliza salama, Scolastica ameomba mbwa aondolewe mtaani kabisa. Mkutano wa mtaa utaamua Jumatano, tarehe 14.

Nimeripoti mikutano ya mtaa ya kutosha. Haiamui kwa ushahidi. Inaamua kwa kilichoonekana wiki hiyo. Kwa hiyo wiki hii lazima kionekane kitu.

Jioni nimekaa naye uani. Nimefikiri. Kwetu mbwa hana mwenyewe hadi aume. Mchana anazurura, usiku analinda, akizaa watoto ni wa jirani. Siku akiuma, mtaa mzima unajua anakula kwa nani. Hilo ni tatizo la jamii, si langu peke yangu.

Nina wazo!

Jumanne, 6 Agosti

Matembezi ya Pamoja ya Wamiliki wa Mbwa. Kila mwenye mbwa amfunge kamba, tutembee wote barabarani, watu waone kwamba mbwa ana mwenyewe na mwenyewe ana adabu. Mwenyekiti: mimi. Siku: keshokutwa, Nanenane. Watu hawaendi kazini, na Bi. Jeniffer atakuwa safarini kwenye maonyesho. (Hili la pili halikuwa sababu. Lilijitokeza tu.)

Kikwazo kimoja. Mhariri haruhusiwi kutoka, na ndiye hasa anayepaswa kuonekana akiwa na adabu.

Nimekwenda kwa Nkwabi. Huyu ni mfugaji, Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana. Anakaa mwisho wa mtaa, mashamba yanapoanzia. Ana mbwa wanne na sauti ya watu wanne. Mmoja wa mbwa hao, Majungu, ni kahawia kama Mhariri, masikio yaleyale, kimo kilekile. Tofauti ni mguu mmoja wa mbele: wa Mhariri ni mweupe.

Nikamwomba Nkwabi aniazime Majungu ili Mhariri apate mfano wa tabia njema. Alicheka hadi ng'ombe wakageuza shingo. Akauliza, mzee mwandishi, siku hizi na mbwa wanakaa semina? Posho yao mnalipa kwa mifupa? Lakini akanipa, na kamba juu. Akanionya nisimzoeshe uvivu, huyo ni mfanyakazi.

Nilipokuwa nikirudi nikagundua nilichosahau. Kwetu mbwa haongozwi kwa kamba mchana kweupe ila kama anapelekwa kuuawa. Muuza nyanya akaacha mizani, akauliza masikini kafanya kosa gani. Mzee mmoja akavua kofia. Maiko wa bodaboda akasimamisha pikipiki na kuniambia, "Mdingi, usimnyonge bure, nipe mimi, atalinda geto." Nikamweleza kwamba haya ni matembezi. Akaniuliza matembezi ya kwenda wapi. Nikavuta kamba, tukaendelea.

Mke wangu Matilda alikuwa getini. Alikuwa ameshapewa pole na watu watatu.

Jumatano, 7 Agosti

Maandalizi.

Nimempaka Majungu unga wa muhogo mguuni. Ameulamba. Nimempaka tena. Ameulamba, kisha akanifuata nyuma kuomba mwingine. Hatimaye nimemvalisha soksi nyeupe ya shule aliyoiacha mwanetu Gideon. Kwa mbali inaridhisha.

Mhariri ametazama yote haya kutoka kwenye kamba yake, bila kubweka. Nilitamani abweke.

Matilda ameniuliza swali moja tu. Baba Gideon, watu wakishaamini kwamba huyu ni Mhariri, si wataamini kwamba Mhariri ametoka nje? Nikamwambia mambo ya mawasiliano kwa umma yana wenyewe. Akasema sawa, akarudi kuchambua mchele.

Alhamisi, 8 Agosti, Nanenane

Nianze na yaliyokwenda vizuri, maana yalikuwepo.

Walikuja watu kumi hivi na mbwa wao. Kamba za kila aina: manila, mshipi wa suruali, kipande cha chandarua. Watu waliopakana ua kwa ua bila kusalimiana waliulizana, wako anaitwa nani, wako anakula nini. Majina mengine yalikuwa yametungwa kumsema jirani, kwa hiyo yalitajwa kwa sauti ndogo. Ponsian, mstaafu wa reli, aliniambia kwamba tangu amfuge mbwa wake hajawahi kumgusa isipokuwa kwa fimbo. Tulipofika kwenye kona nilimwona anamkuna sikio, huku akitazama pembeni kama mtu anayeiba. Mbwa alisimama kimya kabisa. Nadhani hakujua afanye nini na jambo hilo.

Hapo ningeacha kila mtu aende nyumbani.

Badala yake nikahutubia. Nikasema mnayemwona hapa ndiye yule Mhariri aliyesemwa vibaya, na mtazame utulivu wake. Nilirudia mara mbili ili wa nyuma wasikie. Scolastica alikuwa kibarazani kwake, ng'ambo ya barabara, mguu uliofungwa bendeji ukiwa juu ya kigoda. Nikampungia mkono. Hakupunga.

Ndipo ng'ombe wa Nkwabi wakatokea, wakienda kunywa maji.

Majungu alisimamisha masikio. Ni sura ninayoijua. Ni ya mtu aliyeitwa kazini akiwa kwenye sherehe. Kamba ikanichuna kiganja, na mbwa akaenda. Mbwa wote wengine wakamfuata, na kamba zao, na mshipi wa Ponsian. Vumbi. Nikaita, "Mhariri! Mhariri!" Hakugeuka, na kwa nini ageuke? Alikuwa anamrudisha ndama barabarani, kwa ustadi mkubwa, kwa miguu mitatu ya kahawia na soksi moja. Kisha na soksi ikachomoka.

Kija, binti yake Nkwabi anayechunga, akapiga mluzi mmoja. Vurugu ikaisha. Mbwa walirudi kwa wenyewe, isipokuwa wangu, aliyeondoka na ng'ombe wake.

Scolastica aliingia ndani. Nilimwona anatoa simu.

Ijumaa, 9 Agosti

Bi. Jeniffer amepiga simu kutoka kwenye maonyesho. Amesema taarifa anayo. Mbwa aliyewekwa kizuizini ameonekana barabarani, hana kamba, hasikii hata jina lake mwenyewe. Nikamuuliza chanzo cha habari hiyo ni nani. Akasema ni mimi, mbele ya mashahidi kumi.

Anarudi leo. Kesho asubuhi atakuja na mtu mwenye bunduki.

Nimeandika taarifa kwa umma. Sentensi ya kwanza: "Mbwa aliyeonekana Nanenane hakuwa mbwa aliyetajwa Nanenane." Matilda ameisoma, kisha akawashia mkaa. Akasema kuna sentensi fupi zaidi: nilidanganya. Akaniuliza, "Ukisema leo utapungukiwa nini, Baba Gideon?"

Nimepima. Nikisema, Mhariri anaishi, na Mpanda nzima inajua kwamba mwandishi mstaafu alimvalisha mbwa wa watu soksi. Nisiposema, jina langu linabaki, mbwa anakufa. Iandikwe kwamba nilichukua muda mrefu kuliko inavyostahili. Mhariri aliniwekea kidevu gotini muda wote huo. Hana habari kwamba ana kesi. Mkia ulikuwa unapiga chini kila nilipohema.

Basi nimeamua. Nitasema ukweli, kwa wakati mwafaka, kupitia njia sahihi.

Lakini kwanza kuna njia ya tatu! Malale, dereva wa lori la mpunga, anaondoka kesho alfajiri kwenda Kasansa. Ana nafasi nyuma.

Jumamosi, 10 Agosti

Lori lilichelewa. Bi. Jeniffer hakuchelewa.

Alitukuta getini: mimi nikivuta kamba kutoka mbele, Mhariri akijivuta nyuma kwa nguvu zake zote, maana hakutaka kutoka. Miguu yake ilikuwa bado ndani. Naomba hilo lizingatiwe. Mwenye bunduki aliuliza kama ndiye huyu. Nikafungua mdomo. Neno halikutoka. Miaka yangu yote ya kazi nimewauliza watu maswali asubuhi mbaya kama hiyo nikashangaa kwa nini hawajibu.

Aliyejibu ni Matilda. Alikuwa ametoka mapema bila kuaga, na sasa alikuwa anakuja na Nkwabi na Majungu. Akasema, "Binti yangu, huyu wa ndani ndiye Mhariri na hajatoka. Aliyetoka ni huyu. Mume wangu alidanganya." Muda wote huo hakuwa amepandisha sauti.

Bi. Jeniffer akachuchumaa, akaangalia miguu. Mweupe. Kahawia. Akainuka, akamwambia mwenye bunduki arudi kwenye gari.

Nilitegemea Nkwabi acheke. Hakucheka. Alisema huko walikotoka dada yake aling'atwa na mbwa, watu wakasema ni mchubuko tu, wakampaka majani. Alikufa akiogopa kikombe cha maji. Tangu hapo hakuna mwaka unaopita bila mbwa wake kupata sindano. "Halafu wewe, mzee mzima, unamchukua mbwa niliyemchanja ili umfiche asiyechanjwa. Nyie watu wa kalamu mna akili za namna gani?"

Kwamba Mhariri hajachanjwa sikuandika popote. Ninaandika sasa.

Hapohapo Malale akafika na lori, akapiga honi, akauliza kwa sauti kama yule mbwa wa kutoroshwa yuko tayari.

Jumatano, 14 Agosti

Mhariri amemaliza kizuizi jana akiwa mzima. Bi. Jeniffer amethibitisha.

Mkutano wa mtaa umefanyika leo. Scolastica alisimama akichechemea kidogo. Nilijiandaa kwa mabaya. Akasema mbwa hana akili za kuhukumiwa, lakini yeye anamjua aliyemfungulia. Watu walicheka kupita kiasi, kwa maoni yangu. Kisha akaacha kucheka naye, akasema kila alfajiri akipita getini kwangu kwenda misa mwili unamtetemeka, na hataki kuzeeka akizunguka njia ya mbali. Hakuna aliyecheka hapo.

Maazimio. Matembezi ya mbwa yaendelee kila Jumamosi, maana tangu Nanenane watu wamekuwa wakiulizia. Bi. Jeniffer atachanja mbwa wote kabla ya matembezi ya kwanza, Jumamosi hii. Mwenyekiti ni Nkwabi. Nilipendekeza cheo cha mlezi mwanzilishi. Hakuna aliyeunga mkono, hata Matilda.

Kuhusu Mhariri: achanjwe, atembee na wenzake, apite mbele ya Scolastica mbele ya watu wote. Akipita kwa amani, anabaki. Akimrukia, anaondoka mtaani siku hiyohiyo. Scolastica ndiye aliyependekeza sharti hilo. Nimeliona la haki. Nilimwendea baada ya mkutano nikamwomba msamaha, akanijibu, "Baba Gideon, msamaha nimekupa. Mguu bado."

Nimetembea kurudi nyumbani taratibu. Ukweli ukisemwa mapema unagharimu kidogo. Nimelielewa hilo wiki hii kikamilifu.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikulala vizuri. Sharti la Scolastica linategemea hali ya moyo wa mbwa, jambo ambalo haliwezi kuachwa hivihivi.

Nimefikiri kitaalamu. Mbwa huuma asichokijua. Mbwa hujua kwa pua. Kwa hiyo Mhariri akiizoea harufu ya Scolastica kwa siku mbili, Jumamosi atamwona kama ndugu. Njia ya wazi ingekuwa kwenda kumwomba nguo yake moja na kumweleza sababu. Lakini ana mengi kwa sasa. Nimeona nisimsumbue.

Kitenge chake kilikuwa kwenye kamba ya nguo uani kwake, upande unaoelekea kwetu. Nimekiazima. Sijamwambia Matilda, ana mchele wa kuchambua. Mhariri amekipokea vizuri kupita matarajio. Amekilalia mchana kutwa, amekizungusha mara kadhaa, na sehemu aliyoitafuna ni ndogo, pindo tu na upande mmoja wa picha ya Bikira Maria.

Ni sare ya akina mama wa parokia. Nilikuwa sijaligundua hilo mpaka jioni, baada ya Matilda kunisomea tangazo: wote waivae Jumamosi, misa ya asubuhi, kisha waje moja kwa moja kwenye matembezi.

Hakuna haraka. Kesho nitatafuta fundi cherehani asiyemfahamu Scolastica.

Matembezi: Jumamosi, 17 Agosti, saa mbili asubuhi, uwanja wa stesheni. Mhariri atahudhuria.