Malalamiko Kuhusu Mlenda Usio na Mlenda

Kwa Dkt. Masudi,
Mkuu wa Idara ya Kemia,
Hapo chuoni.

Ndugu Mkuu wa Idara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na vichupa vyako vyote vizima. Mimi ni Penina, mama yake Obedi, mfyatua matofali wa Zuzu. Nilianza na kibao kimoja cha kufyatulia, tena cha kuazima, leo nina mashine mbili, na shule niliishia darasa la saba. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekulalamikia anajua vipimo ni nini.

Mwanangu Obedi, fundi umeme kule Mtera, anataka kumwoa mhadhiri wako Anjelina. Kwa binti mwenyewe sina neno, ana adabu na anacheka vizuri. Lakini katika ukoo wetu mchumba huja kwanza kutupikia mlenda. Mjomba wa kijana ndiye anayeonja kabla ya watu wote, na akishashiba na kunawa ndipo anataja tarehe ya harusi. Bila mjomba hakuna tarehe, na bila tarehe hakuna harusi.

Mjomba huyo ni kaka yangu Batholomeo. Ni mzee mwema, ila kiungulia kimemfanya mkali kama pilipili kichaa. Tarehe ya dada yake Obedi aliiahirisha mara mbili kwa sababu ya kubeua tu.

Sasa, kwa kuwa wazazi wa Anjelina wako mbali Kigoma, idara yako ndiyo iliyokuja kama upande wa binti. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Walikuja na makoti meupe. Jirani yangu Ruthu aliona gari la chuo likisimama na makoti yakiteremka, akaangua kilio akijua nimekata roho. Nilipotoka kumnyamazisha, akanipa pole.

2. Anjelina alipima magadi kwa mizani ndogo yenye kibanda cha kioo, eti upepo usiipeperushe namba. Upepo wa Dodoma, ndugu Mkuu! Nikamwambia magadi hupimwa kwa vidole vitatu na jicho. Akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, vidole vya nani?" Tangu siku hiyo kila nikipika navikagua vidole vyangu, na kosa hilo ni la idara.

3. Hili ndilo kubwa. Walipika vyungu vitatu, wakavibandika herufi. B kilikuwa na mlenda. C kilikuwa marudio ya B, na hilo sikulipinga, maana wageni walikuwa wengi. Lakini A kilikuwa na maji, chumvi na magadi, basi. Hata jani moja hakuna. Stanley, fundi wenu wa maabara, akanieleza kuwa hicho ni chungu cha kulinganishia: huwezi kujua mlenda umefanya nini mpaka kwanza ujue maji yasiyo na mlenda yanafanya nini. Nikamwachia, nikijua kitabaki jikoni.

Kumbe kwenu utaratibu ni kuanza na kitupu. Stanley, kwa mazoea ya kazi, akakibeba A kwa mikono miwili, akakitua mbele ya kaka yangu.

Mjomba hakatai chungu cha mkwe. Akamega tonge la ugali, akachovya, tonge likatoka limeoga. Akachovya tena. Akakimaliza chote huku jasho likimtiririka, kisha akasema, "Mkwe wangu, mlenda wako mwepesi."

Anjelina akapiga goti, akajibu kwa furaha, "Asante mjomba, hicho hakina kitu ndani."

4. Kabla hatujavuta pumzi, Stanley akamletea mzee glasi ya maji asukutue, ili ladha ya B isichanganyike na ya A. Kaka akanawa, akachukua bakora yake, akaondoka. Tarehe hakutaja. Toka siku hiyo Obedi hali, na Anjelina ananipigia simu kuuliza kama mjomba yuko tayari kwa marudio.

Hebu nifikirie mimi. Mteja akija kwangu, nikamjengea kwanza ukuta wa mchanga mtupu ili aione kazi ya saruji, ukamwangukia, nitawaambia polisi kwamba ule ulikuwa wa kulinganishia?

Kwa hiyo naomba, kwanza, uje wewe mwenyewe kumwangukia kaka yangu, bila koti. Pili, asipandishwe cheo mhadhiri yeyote wa kemia kabla hajasonga ugali na kupika mlenda mbele ya jopo la akina mama. Tatu, sampuli tupu zifutwe katika kemia yote, kisichokuwepo kisipimwe. Na mkishikilia kwamba zina faida, basi nne: mwezi ujao walimu wote mpokee mshahara mtupu, mpate cha kulinganisha na miezi mingine. Hapo nadhani tutaelewana haraka.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na wale waliobaki siku ile wakiosha vichupa. Mwambie Stanley simchukii, ila jikoni kwangu asiingie.

Wako mwenye uchungu lakini mwenye heshima,
Penina, Mama Obedi,
Zuzu.

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha kaka Batholomeo akabisha hodi. Habeui. Anasema tangu anywe yale maji ya magadi kifua hakijamuunguza, na amelala chali kama mtoto. Hakusubiri hata chai, akauliza, "Dada, kile kisicho na kitu kimebaki?" Harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya zabibu, kwa sharti moja: chungu hicho kiwe mezani pake. Basi futa maombi yote manne, na Anjelina umpe likizo. Kipimo cha magadi ya B nitumie kwa siri, maana nilionja, na vidole vyangu havijawahi kufika pale. Siku hiyo Stanley aje na vyungu vyote vitatu, na tafadhali aanze na A.