Nukuu ya Kumi

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara amethibitisha leo saa nne asubuhi: kamati ya vyeo itakaa Ijumaa, 24 Mei, na jina langu limo. Kasoro moja tu. Uprofesa unataka makala kumi, kila moja iwe imenukuliwa na watafiti mara kumi au zaidi. Tisa ninazo. Ya kumi, ile ya figo za panya, imenukuliwa mara tisa. Tano nimejinukuu mwenyewe. Tatu ni za shemeji yangu, daktari wa mifugo. Moja simjui aliyeninukuu. Mungu amzidishie.

Nimemwomba shemeji ya nne. Kasema sasa anaandika kuhusu kwato za ng'ombe, na figo haziko karibu na kwato. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatano, 6 Machi
Bahati! Mhariri wa jarida moja kaniomba nihakiki mswada. Uhakiki wa siri: mwandishi hanijui, nami simjui. Mada ni ini la panya. Kazi nzuri, kwa bahati mbaya. Lakini ini na figo ni majirani. Nimetoa maoni matatu. La kwanza: nukta imekosekana ukurasa wa sita. La pili: haieleweki kwa nini mwandishi ameipuuza kazi ya msingi, tena ya kihistoria, kuhusu figo za panya. La tatu: tazama la pili.

Mke wangu, mwalimu wa hesabu, kauliza kama mwandishi hatajua ni mimi. Nimemweleza maana ya siri.

Alhamisi, 21 Machi
Balaa chumba cha chai. Darubini ameingia na karatasi mkononi. Ofisi yake na yangu zinagawana ukuta. Tunamwita hivyo kwa miwani yake, na kwa tabia yake. Ini lilikuwa lake! Kaisomea idara nzima barua ya mhakiki, na hapo kwenye "ya kihistoria" kapasoma mara mbili. Fundi wa maabara chai ikamtoka puani.

Darubini akanigeukia. "Ndugu yangu, nani huyu anayekupenda hivi?"

Nikasema simjui, ila kwa maandishi yake anaonekana msomi. Wakacheka tena. Sijui kipi kilichochekesha.

Kasema mhariri ameshikilia lazima aninukuu, kwa hiyo ataisoma makala yangu. Yote. Neno hilo la mwisho sikulipenda.

Jumanne, 26 Machi
Fundi wa maabara kaniarifu kuwa Darubini ameazima daftari la panya la mwaka wa jaribio langu la figo. Nimemuuliza kwa nini kampa. Kasema ameomba. Miaka thelathini kwenye maabara hii, na bado hajajifunza kupoteza kitu.

Jumanne, 14 Mei
Kumi! Makala ya Darubini imetoka nami nimo. Nikamsomea mke wangu kwa sauti kabla sijaisoma mwenyewe. Kosa. Sentensi ni hii: "Kwa ushauri wa mhakiki, tunanukuu pia kazi hii, ambamo panya ishirini na wanne waliingia kwenye jaribio, wanne wakafa, wakabaki ishirini na watatu."

Mke wangu akahesabu kwa vidole, makusudi kabisa. Kisha akauliza wale watatu walifufuka siku ya ngapi.

Nimemjibu kwamba mashine inayohesabu nukuu haisomi sentensi. Inahesabu tu.

Ijumaa, 17 Mei
Mhariri wa jarida lililochapisha figo zangu ameandika. Anataka masahihisho, la sivyo makala iondolewe. Nimeteremka maabara. Fundi kakumbuka papo hapo: wale watatu walikuwa panya wa Darubini, waliowekwa kwangu kizimba chao kikioshwa. Kweli. Figo zao nilizitoa mwenyewe. Darubini aliwatafuta wiki nzima. Hata nilimsaidia kuangalia chini ya kabati.

Ijumaa, 24 Mei
Kamati imekaa. Mkuu wa idara kanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba uamuzi umeahirishwa hadi masahihisho yatoke. "Daktari, kosa ni lako. Lisahihishe mara moja, kwa uwazi, liishe."

Nikarudi ofisini, nikaanza. Hapo ndipo nilipoona. Masahihisho nayo ni andiko! Yana jina la mwandishi, yanachapishwa, na ni lazima yanukuu makala ya awali. Nukuu ya kumi na moja, kwa amri ya mhariri mwenyewe! Sasa kwa nini liwe andiko moja tu? Panya ni watatu. Kila panya na andiko lake. La pili litanukuu la kwanza, la tatu litanukuu yote mawili.

Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemwambia nimeshaingia, sasa nachota maji.

Fomu ina nafasi ya kupendekeza mhakiki. Nimeandika Darubini. Panya ni wake, atafurahi kujua walikokwenda. Wa kwanza namtuma Jumatatu, 27 Mei, saa mbili asubuhi.