Wiki ya Udongo Bila Mwalimu Mama

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa binti yetu, analea mjukuu. Aliaga kwamba anakwenda wiki mbili. Wiki mbili hizo zimezaana, sasa ni miezi. Mjukuu wangu nampenda, sikatai. Lakini bwana mdogo huyo hana hata jino moja, na tayari ameninyang'anya mke! Siku hizi nalala upande wake wa kitanda, ili upande ulio tupu uwe wangu. Haisaidii.

Jioni amekuja Mwalimu Mkuu wa chekechea anakofundisha mke wangu. Uso umemshuka, nikadhani ana redio mbovu (mimi ni fundi redio, yaani siku hizi napangusa vumbi). Kumbe mwalimu wa muda amewakimbia. Na wiki hii watoto wanajifunza udongo kwa vitendo, Ijumaa wazazi wanakuja kuona! Akaniomba niwashikie darasa. Eti kwa miaka yote niliyokaa na mwalimu, lazima kuna kitu ameniambukiza.

Mpango ukanijia palepale. Nitafundisha vibaya. Vibaya mno! Mwalimu Mkuu atashika kichwa, atampigia mke wangu arudi mbio. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu aliacha maelekezo: kila chupa aina moja ya udongo, maji kiasi, tikisa taratibu. Mimi nikachukua chupa moja kubwa. Nikatia mchanga wa fundi mwashi, udongo mweusi wa chini ya bomba, mfinyanzi wa bondeni, na majani makavu juu. Nikatikisa kama mwendawazimu. Ikatoka chai ya matope. Nikaiweka dirishani, nikawaambia watoto somo limekwisha, lalieni meza.

Nami nikasinzia.

Nimeamshwa na kelele. Chupa imejipanga yenyewe! Mchanga chini, juu yake udongo laini, juu zaidi mfinyanzi, majani yanaelea. Kuna msichana mmoja nimempa jina Bi Kwanini, kwa sababu hasemi neno lingine. Akataka kujua kwa nini mchanga umetangulia kushuka. Nikasema kwa sababu ni mzito, kama mimi nikiona kochi. Darasa zima likaelewa. Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, anatabasamu.

Balaa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Leo nimewaachia matope bila aproni. Finyangeni mtakavyo! Nikakaa kusubiri malalamiko ya wazazi.

Wakagundua wenyewe, bila msaada wangu hata kidogo, kwamba mfinyanzi unaviringika ukawa nyoka mrefu, mchanga unakataa, na udongo tifutifu unaanza kuwa nyoka kisha unabadili mawazo. Saa ya kuondoka mama mmoja akamkuta mwanawe amegeuka tofali. Macho yakamtoka. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikamwelekeza ofisi ya Mwalimu Mkuu ilipo, ili asipotee. Akaenda. Kushukuru! Eti mtoto haongeagi, na leo kaongea kuanzia mlangoni hadi getini.

Jioni mke wangu amepiga. Nyuma yake mtoto analia, naye anambembeleza kwa ule wimbo anaouimba hapa akifagia. Nilikuwa sijajua kwamba nyumba hii imekosa wimbo. Nilidhani ni friji iliyonyamaza. Akauliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nikasema hakuna. Akauliza, hakuna kabisa? Nikasema chaji inaisha.

Chaji ilikuwa imejaa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Silaha nzito. Mwalimu Mkuu anaogopa kila kinachotambaa, mke wangu aliwahi kunidokeza. Basi nimechimba nyungunyungu ndoo nzima, na kwa bahati mbaya nikaisahau mezani kwake.

Ukelele wake umesikika mpaka barabarani. Nikaanza kuhesabu simu imeshapigwa! Kumbe Bi Kwanini amenitangulia ofisini. Nilimkuta akimweleza Mwalimu Mkuu, kwa upole, kwamba hawa ndio wanaofungua njia ili maji na hewa vipite, na kwamba wenyewe ndio wanaotuogopa sisi. Kisha akamwekea mmoja kiganjani. Mwalimu Mkuu akafumba macho. Akafumbua moja. Nyungunyungu akajinyoosha. Mama wa watu akasema polepole kwamba mara ya mwisho kushika udongo alikuwa na umri wa watoto hawa.

Sasa nyungunyungu wana sanduku lao ofisini. Mimi nimepongezwa kwa ubunifu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo nimesahau kuharibu. Naandika ukweli, hakuna anayesoma.

Tulikata chupa, tukazigeuza juu chini kama faneli, kila moja na udongo wake, tukamimina maji. Mchanga ukameza na kutema papo hapo. Mfinyanzi ukayazuia maji juu yake, ukagoma. Tifutifu ukanywa kwa adabu, ukabakiza unyevu wake, na watoto wakaupigia makofi kama bibi harusi. Nikacheka. Nikageuka kushoto kumwambia mke wangu, umeona?

Kushoto kulikuwa na picha ya karoti ukutani.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Wazazi wamekuja. Kila mtoto na chupa yake, kila mtoto profesa. Mwalimu Mkuu akarekodi yote kwa simu, akamtumia mke wangu.

Amenipigia huku analia kwa furaha. Anajivunia mumewe! Na kwa kuwa darasa limepata mwenyewe, eti atamkubalia binti yetu abaki hadi mjukuu atambae. Nikasema vizuri sana, kaa tu, wala usiwe na wasiwasi. Sauti ikatoka kama spika iliyochanika.

Mtoto hajui hata kugeuka!

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Binti yetu amenipigia akiwa amejificha bafuni.

"Baba, mama ameshafunga mizigo tangu juzi. Yale ya kutambaa alikuwa anakupima tu. Anasubiri umwambie neno moja."

"Neno gani?"

"Baba!"

Akakata.

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Najua ni lipi. Nimelijaribu mbele ya kioo, nikaona haya.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimeandika ujumbe: Rudi. Nikaufuta. Umekaa kama amri. Nikaandika: Nimekukumbuka. Nikaufuta. Umekaa kama mtu aliye mahututi. Nikaandika: Nyumba hii bila wewe. Nikakosa mwisho wake, nikaufuta.

Hatimaye nimetuma: Mtaro wa darasa lako umeziba, hakuna anayeweza kuuzibua isipokuwa wewe.

Akakawia. Kisha akajibu: Ndiyo hilo tu, mume wangu?

Nikajibu: Ndiyo. Hali ni mbaya sana.

Akasema basi, kesho atampigia Mwalimu Mkuu aukague huo mtaro.

Mtaro hauna tatizo lolote. Maji yanapita kama kawaida. Lakini usiku ni mrefu, na mfinyanzi umebaki ndoo mbili.

Naondoka nazo kwenda mtaroni kabla hakujapambazuka.