Jani Nililompa Mshauri

Jamani, kama mna picha yangu ya leo kwenye simu zenu, ifuteni kabla hamjaendelea kusoma. Nimeaibika mchana kweupe, karibu na kanisa, mbele ya mjomba wangu, na mbele ya mtu ninayemchukia kuliko wote kwenye mlima huu.

Nianze asubuhi. Nilikuwa Rau naosha pikipiki za watu (ndiyo kazi yangu ya mwezi huu; mwezi uliopita nilikuwa Kahe nachuma nyanya, na mwezi ujao msiniulize). Redio ikasema Mshauri ameondolewa. Haikutumia neno hilo. Ilisema Mheshimiwa "amemshukuru kwa utumishi wake". Mwenye pikipiki akaruka juu kwa furaha, akatua kwenye ndoo yangu ya povu. Mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akajifunika khanga usoni, akalia kama kafiwa. Ndivyo Mshauri alivyokuwa. Humkuti mtu asiyejali.

Kwa msiomjua: huyu ndiye aliyekuwa akimpangia Mheshimiwa mbinu zote za siasa. Yeye mwenyewe hakuwahi kupigiwa kura hata moja. Huku kwetu alimshindia Mheshimiwa uchaguzi kwa kutumia maji. Aliwaambia watu wa juu mlimani kwamba watu wa chini wanaharibu mfongo, ule mfereji wa tangu enzi za mababu unaoleta maji mashambani. Kisha akateremka akawaambia watu wa chini kwamba watu wa juu wanawafungia maji. Siku ileile! Shati lilelile! Kila upande ukaogopa, na kila upande ukampa Mheshimiwa kura ili aulinde dhidi ya mwingine. (Akili anayo, sibishi. Hata mwizi wa ng'ombe ana akili.)

Sasa mbinu kama hiyo inahitaji mhalifu. Akanipata mimi.

Niliacha shule kidato cha pili, lakini siwezi kupita mahali penye kitu kinachofanya kazi bila kusimama kukitazama. Siku mbili kabla banio la mfongo halijabomoka, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, watu waliniona nimechuchumaa palepale. Nilikuwa natazama jinsi wazee walivyopanga mawe bila saruji. Basi! Mvua ikanyesha, mto ukajaa, banio likaenda. Mshauri akasimama kwenye mkutano wa watu wa juu akatangaza kwamba limebomolewa na kijana aliyetumwa na watu wa chini. Akanitaja jina, na la baba yangu juu yake.

Mama yangu alizaliwa juu, akaolewa chini. Kaka yake, mjomba Eliakimu, bado anaishi huko juu, na shamba lake ndilo la kwanza kukauka banio likiharibika. Tangu mkutano ule hajakanyaga kwa mama. Krismasi nne zimepita. Kila Krismasi mama anamtolea kiti, na kila Krismasi kiti kinakaliwa na paka.

Kwa hiyo leo nilitaka kitu kimoja tu. Mshauri aseme mbele ya watu, mjomba akisikia, kwamba alinisingizia. Ofisi hana tena, na anarudi kijijini kwao kama mtu yeyote. Nilijua akishaingia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwake, na kufunga geti, sitampata tena.

Rafiki yangu Manase akanipigia simu. "Anapandishwa saa sita. Watu wanakusanyika njia panda ya kanisa. Wa chini wanakuja na majani. Akishapita tunafagia nyayo zake, asirudi tena huku kwetu!"

Nikaacha pikipiki ikiwa na povu, nikapanda bodaboda. Njiani niliandika maneno yangu kwenye karatasi, mstari mmoja, ili nisibabaike: Mshauri, waambie watu hawa kwamba ulinisingizia.

Njia panda nilikuta vurugu. Upande wa juu wa barabara walikaa waliokuja kumpokea, na mbege, pombe yao ya ndizi, ndani ya ndoo zenye mifuniko. Upande wa chini walikaa wafagiaji. Katikati maneno yanaruka.

"Acheni wivu!" mama mmoja wa juu alifoka. "Mwenzenu kapumzishwa mnakuja kucheka!"

"Apumzike tu, mama, ametuchosha!"

"Mwaka juzi mlimchinjia mbuzi hapahapa!"

"Tulimwogopa! Na mbuzi mwenyewe alikuwa mgonjwa!"

Mjomba Eliakimu alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, peke yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia marahaba huku anatazama mti. Nikasema moyoni, ngoja dakika kumi tu, utanitazama.

Manase akaniangalia mikono. "Wewe majani yako yako wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Honi ikasikika kule kwenye kona. Nikapeleka mkono nyuma kwenye uzio wa watu, macho yakiwa barabarani, nikavuta jani refu lililokuwa karibu. Sikulitazama. Gari lilikuwa linakuja polepole kwa sababu ya mashimo, na mikono yangu ni kama mimi mwenyewe, haijui kutulia. Nikalikunja jani. Nikalifunga fundo.

Gari likafika. Watu wakaanza kuzomea, wengine kuimba, wengine kuzomea na kuimba kwa pamoja. Nikachomoka, nikasimama katikati ya barabara, nikanyanyua jani langu kwa mikono miwili kama askari wa trafiki.

Gari likasimama. Watu wote wakanyamaza. Wote! Hata walevi.

(Nilidhani wameniogopa. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilijisikia vizuri sana.)

Mlango ukafunguliwa, Mshauri akashuka. Amekonda. Macho yake yalikwenda kwenye mikono yangu, yakapanda usoni kwangu, yakarudi mikononi, na nikaona kabisa kichwa kile kikianza kazi. Ndipo na mimi nikatazama nilichoshika.

Isale.

Kwa msio wa huku: isale ndiyo miti yenye majani marefu tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba, na ndiyo maana imejaa kwenye kila uzio. Mchagga akikukosea, anakuletea jani la isale lililofungwa fundo. Maana yake anakiri kosa na anaomba msamaha. Na ukishaletewa huruhusiwi kukataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Nalijua hilo tangu nabebwa mgongoni. Nimewahi kupelekwa na mama kupeleka isale kwa jirani!

Mshauri akalipokea kwa mikono miwili, taratibu, kama anapokea mtoto wa ubatizo.

"Nimekusamehe, kijana wangu," akasema kwa sauti ya mkutanoni.

"Umenisamehe nini?"

"Habari ya banio. Umefanya kiume kukiri mbele ya wazee."

"Sikubomoa banio! Hili jani nimelichuma tu hapo uzioni, nilikuwa sitazami!"

Mzee mmoja wa mbele akacheka hadi akakohoa. "Na fundo je? Fundo limejifunga lenyewe?"

Nikajipapasa mfukoni kutafuta karatasi yangu. Nilipoipata, vigelegele vilikuwa vimeshaanza upande wa juu. Nikasoma mstari wangu wote, kwa sauti, bila kukosea hata neno. Hakuna aliyesikia. Mtu akaniwekea kata ya mbege mkononi. Mwingine akapiga picha: mimi, kata, na Mshauri ameniwekea mkono begani.

Upande wa chini, Manase alikuwa ameshusha majani yake. "Kumbe kweli ulibomoa," akaniambia. "Miaka minne tunakutetea!"

"Manase, wewe unanijua!"

"Nakujua. Ndiyo maana nimeamini."

Mshauri akapanda gari lake akaondoka, jani langu ameliweka mbele, penye kioo. Watu walisahau kumfagia nyayo. Walikuwa wananifagia mimi kwa macho.

Ndipo mjomba Eliakimu akaja. Alikuwa analia, na mjomba si mtu wa kulia. Akanishika mkono.

"Mwanangu, hili tu ndilo nililokuwa nangojea."

"Mjomba, nisikilize. Mimi siku—"

"Tusirudi huko. Isale imeshatolewa, limekwisha. Mwambie dada yangu Jumapili nakuja kula kwake. Namletea na maziwa ya mgando."

Hapo ndipo niliposhindwa, ndugu zangu. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Ningelisema, mjomba angeuachia mkono wangu, na paka angebaki na kiti chake. Nikalimeza neno pamoja na mbege. (Mbege yenyewe ilikuwa changa.)

Nikamwambia, "Karibu sana, mjomba. Mama atafurahi."

Sasa nipo kwa mama, nimejifungia chumba cha nyuma. Nilimweleza yote, hakuna nililoficha. Alisikiliza hadi mwisho huku anamenya ndizi, kisha akauliza, "Kwani ulibomoa?"

"Hapana, mama!"

"Basi mimi najua, na wewe unajua. Jumapili ukae mezani, ule, ufunge mdomo."

"Na yule mtu je? Ndiye aliyetugombanisha, na leo anaonekana yeye ndiye aliyetusamehe!"

Mama akasimamisha kisu. "Miaka minne nimemlaani yule," akasema. "Leo kaka yangu anakuja. Niache kwanza nimenye ndizi."

Tangu hapo anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba tangu uchaguzi ule. Na kila anapoimba mimi huku ndani nasaga meno, maana najua ni nani kamletea wimbo huo, na njia aliyoitumia.

Mtu ameondolewa ofisini, hana cheo wala dereva wa serikali, na bado ameshinda, safari hii kwa msaada wangu.

Naombeni msicheke. Anayeshindwa kujizuia acheke, ila akimaliza aniandikie hapo chini kwamba banio lilibomolewa na mvua. Mjomba hana mtandao, nimeshahakikisha.