Ombi la Kumhamisha Muuguzi Mzaramo

Wodi ya Wanaume,
Tabora,
Machi 1970.

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima zote, na nikiwa nimelala chali, naandika kulalamikia mpango wenu wa kuwachanganya wauguzi nchi nzima ili kujenga taifa. Taifa sina ugomvi nalo. Lakini mimi ni Mnyamwezi wa Kwihara, nangoja kupasuliwa mshipa Alhamisi, na ninyi mmeniletea Mzaramo. Hamkujua kwamba hawa ni watani zetu tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe pwani? Matokeo yake ni haya:

1. Muuguzi huyo, Mwanamkuu, ni wa umri wa binti yangu. Badala ya shikamoo aliniuliza baiskeli yangu nitamwachia nani. Mila hainiruhusu kukasirika. Ilinibidi nimjibu kwamba babu yangu alipofika pwani na mzigo begani alimkuta babu yake amelala, na ukoo huo haujaamka mpaka leo.

2. Amenipima kwa bendeji kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha akaitangazia wodi kwamba sanda itanipungukia na miguu itabaki nje. Mzee Ghalibu wa kitanda cha jirani alicheka mpaka mshono ukaachia. Ameshonwa upya, na lawama zote kazielekeza kwenye urefu wangu.

3. Kazi imeharibika kabisa. Zamani watumishi walikuja jua limeshapanda, wakatuacha tulale. Siku hizi wanafika alfajiri ili wasikose matusi ya kwanza. Bwana Modest, mfunga vidonda, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, yuko likizo na bado anakuja. Apolinaria wa jikoni analeta uji mwenyewe, tena mbio, unafika wa moto. Nimeungua ulimi. Dawa zinatolewa kwa saa, hata kwinini, ambayo wao na sisi tulikuwa tumezoea kuisahau kwa pamoja.

4. Ameapa kwamba nikifa atalala kaburini mwangu na hatatoka mpaka wanangu wampe jogoo. Hiyo ni haki ya mtani, sikatai. Lakini mtu kutajiwa jogoo huku anapimwa homa!

Kwa hiyo naomba ahamishiwe kokote asikokuwa na mtani, nasi tuletewe mtu asiyejua kucheka. Na itungwe kanuni kwamba muuguzi asipangiwe wodi kabla ya kuulizwa ni mtani wa nani.

Nisalimie wote hapo ofisini, bila kumsahau mama watoto.

Mimi mwananchi mtiifu wa kitanda cha dirishani,
Lukumani Mahona

Baada ya sahihi: Kabla sijabandika stempu, Bwana Modest amekuja kusema kwamba uhamisho wa Mwanamkuu umefika, anaondoka Jumatano. Alisema hivyo akaenda zake likizo. Uji wa leo umekuja wa baridi. Ndugu Mganga, nakuomba uichane barua hii na huo uhamisho pamoja. Alhamisi napasuliwa, na kusema kweli naogopa. Nikizinduka nataka nimkute mtu wa kunitukana. Na nisipozinduka, nani atalala kaburini mwangu? Jogoo ameshaletwa kutoka Kwihara. Nimemfunga hapa chini ya kitanda.